Maziwa Kwenye Usukani

Kila asubuhi ya likizo, kabla umande haujakauka kwenye majani ya chai, nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchuma chai pamoja na Mama hadi kapu langu lifike nusu. Ya pili ndiyo niliyoipenda. Nilimsaidia nyanya yangu kutayarisha vibuyu vya mursik, yale maziwa mala yetu ya Kikipsigis. Nyanya tulimwita Kogo, kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita nyanya zao. Jina lake la ubatizo lilikuwa Elmina, lakini hilo lilitumiwa na pasta peke yake.

Kogo aliketi kwenye kigoda mbele ya moto, akachoma kijiti cha mti wa senetwet hadi ncha yake ikawa kaa jekundu, kisha akakisugua ndani ya kibuyu mpaka kikawa cheusi na kunukia. Mimi nilitakiwa kukishika kibuyu kisitikisike na kutouliza maswali mengi. La kwanza nililiweza. Baadaye alimimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, akafunika, akayaacha siku kadhaa hadi yagande. Wageni waliotoka Sotik walisema hawajawahi kuonja mursik kama yake. Kogo aliwajibu kwamba walikuwa na njaa tu.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa maziwa, ilikuwa mikono. Katika mlima wetu hakuna mtu aliyeleta nyumbani kitu cha maana bila kumwita Kogo akibariki. Ng'ombe mpya, bibi harusi, cherehani, mkimbiaji aliyeshinda mbio za wilaya, wote walipitia kwake. Alichovya nyasi mbichi katika mursik, akanyunyiza, akasema maneno ya baraka polepole huku watu wakiitikia. Hata baiskeli ya Mwalimu Kipchoge aliibariki, ingawa wiki hiyohiyo ilitumbukia mtoni pamoja na mwalimu mwenyewe. Kogo alisema alibariki baiskeli, hakubariki mwendeshaji.

Mwezi wa Agosti mwaka 1996, nikiwa darasa la sita, Baba Mdogo Kiptanui alikuja kutoka Nakuru na gari. Yeye alikuwa kitinda mimba wa Kogo, na lile lilikuwa gari la kwanza katika ukoo wetu. Lilikuwa la kijivu, limetumika Ujapani, na viti vyake vilikuwa laini kuliko kitanda changu. Tulifunga majani ya sinendet kwenye vioo vyake kama tunavyowafunga washindi, na Kogo akatoka na kibuyu chake kizuri kuliko vyote.

Alinyunyizia magurudumu. Alinyunyizia boneti. Kisha akaomba mlango wa dereva ufunguliwe.

"Hapa ndipo mkono wako utashika," alimwambia Baba Mdogo, akainua nyasi juu ya usukani.

"Matone tu, Mama. Hapo ndani kuna stima."

"Matone tu," Kogo akasema.

Yalikuwa matone matatu. Niliyahesabu, kwa sababu nilikuwa nimesimama ubavuni mwake nikishika kibuyu. Baba Mdogo aliyapangusa kwa kitambaa cha mfukoni, na usukani ukakauka kabisa.

Halafu akatuonyesha ajabu ya gari lile. Upande wa kulia wa usukani kulikuwa na swichi tatu ndogo, kila moja kama punje ya hindi.

"Hii inaitwa kruzi," alisema, akijaribu kutojivuna na kushindwa. "Nikifika kilomita themanini nabonyeza hapa, natoa mguu, na gari inashika mwendo yenyewe. Nikigusa breki, inaachia. Nikibonyeza hii nyingine, inarudi mwendo uleule."

"Na kona je?" Baba akauliza.

"Kona ni za dereva."

Watu wote wakacheka, kwa sababu kutoka kwetu hadi Sotik hakuna kitu ila kona. Kogo peke yake hakucheka. Alizitazama zile swichi kwa makini, kama alivyotazama ndama wageni.

"Inatembea bila mguu," alisema. "Kiptanui, nataka kuona hiyo."

"Jumatatu, Mama. Nitakupeleka mbele ya Mulot, kule mashamba ya ngano, barabara imenyooka. Utakaa mbele."

Kogo hakuwa amewahi kuvuka Longisa. Alifurahi hadi akasahau fimbo yake kwenye nyasi, nikaenda kumwokotea.

Watu walipoingia ndani kwa maombi na chakula, Mama aliniita. Mama yangu, Rodah, alinijua vizuri.

"Dorine, rudisha hiki kibuyu jikoni kwa Kogo. Na usisimame njiani."

Nilisimama njiani. Mlango wa gari haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Niliketi kwenye kiti cha dereva, kibuyu nikakipakata mapajani, nikashika usukani kwa mikono miwili. Nilikuwa na kilomita themanini. Nilibonyeza swichi ya kwanza, nikanyanyua mguu, nikapita Mulot, nikapita Narok, nikawapungia mkono wanafunzi wote wa darasa la sita waliokuwa wakinitazama kwa wivu. Ilipofika kona, nilizungusha kiwiko kama nilivyoona madereva wa lori la chai wakifanya, na kiwiko kikapiga kibuyu.

Kifuniko kilitoka. Maziwa yakamwagika katikati ya usukani, yakateremka hadi kwenye zile swichi na kuzama ndani yake. Yalizama upesi kuliko nilivyoweza kuyazuia. Nilipangusa kwa sketi yangu, nikapangusa tena, mpaka juu hapakuonekana kitu. Nilifunga mlango taratibu, nikapeleka kibuyu jikoni, nikafua sketi mtoni. Niliporudi walikuwa bado wanaomba. Harufu ya mursik ilibaki ndani ya gari, lakini nani angeishangaa? Gari lilikuwa limetoka kubarikiwa.

Jumatatu Kogo alivaa gauni lake la buluu la kanisani na leso mpya. Aliketi mbele, mikono juu ya magoti. Mama na mimi tuliketi nyuma. Nilikuwa nimeomba usiku na asubuhi kwamba maziwa yawe yamekauka bila madhara, na tulipovuka Bomet salama nikaanza kuamini kwamba nimesikilizwa.

Mbele ya Mulot barabara ilinyooka. Baba Mdogo alifika kilomita themanini.

"Angalia mguu wangu, Mama," alisema, akabonyeza.

Gari likaanza kupunguza mwendo. Alibonyeza tena, hakuna kitu. Mara ya tatu swichi iliingia ndani na haikutoka. Alipogonga katikati ya usukani kwa hasira, honi ilianza kulia, na ikaendelea kulia.

Aliegesha kando, ikalia. Alizima gari, ikalia. Baba Mdogo alijua kuendesha. Chini ya boneti alijua mahali pa kutia maji tu. Hatukuwa na la kufanya ila kugeuza. Tulipita Mulot tukilia, tukapita Longisa tukilia, tukaingia Bomet siku ya soko tukilia. Watu walikimbia kando wakidhani tumebeba mgonjwa. Wengine walidhani tumebeba bibi harusi wakapiga vigelegele. Siku nyingine ningecheka hadi nidondoke. Baba Mdogo alikuwa akitoka jasho, na Kogo alikuwa ameziba masikio kwa leso yake mpya.

Sotik kulikuwa na fundi wa stima ya magari aliyeitwa Nyang'au, mtu wa Kisii, mcheshi na mnene. Alikata honi kwa kung'oa waya mmoja wa betri, na ule ukimya ulikuwa mtamu. Kisha akafungua usukani kwa bisibisi, akachungulia, akaingiza kidole. Kilitoka na uji mweupe wenye madoa meusi ya mkaa.

"Jameni," alisema, "hii usukani imekunywa maziwa. Na si tone. Ni kikombe mzima."

Hakuna aliyenitazama. Wote walimtazama Kogo.

"Mama," Baba Mdogo alisema, na sauti yake ilikuwa ngumu. "Nilikwambia matone."

"Nilitia matone, Kiptanui."

"Matone hayawezi kufanya hivi. Fundi amesema kikombe. Umezeeka, Mama. Mikono yako haijui tena kile inafanya. Umeniaibisha soko mzima."

Fundi Nyang'au aliona haya, akasema ajali ni ajali, mzazi hasemwi hivyo. Kogo hakumsikia. Alikuwa ameinua mikono yake miwili mbele ya uso, anaitazama nje na ndani.

"Basi nilimwaga bila kujua," alisema.

Nilikuwa nimekaa naye kwenye benchi moja, bega langu limegusa lake. Maneno yalikuwa mdomoni: ni mimi, Kogo, wewe ulitia matatu. Yalikuwa maneno machache tu. Lakini Baba Mdogo alikuwa amekasirika, na kosa lilikuwa limeshapata mwenyewe bila mimi. Nilinyamaza. Nilijiambia nitasema tukifika nyumbani. Tulipofika nyumbani nikajiambia nitasema kesho.

Kesho yake Baba Mdogo alirudi Nakuru bila kunywa chai.

Kogo aliosha vibuyu vyake vyote, akavitundika ukutani vikiangalia chini. Jirani yetu Janefer, mke wa Bosire mwenye duka, alipata mtamba mzuri kutoka kwao Nyamira. Ingawa yeye ni Mgusii, alikuwa amekaa kwetu miaka mingi na alitaka ng'ombe wake abarikiwe kama wa wenzake. Kogo alimjibu akiwa ameketi, mikono ameificha chini ya leso.

"Tafuta mkono mwingine, Janefer. Hii yangu imeanza kuharibu vitu vya watu."

Janefer alidhani anataniwa. Alipoona si utani, alimrudisha mtamba wake nyumbani huku akifuta macho.

Siku hiyo jioni Kogo aliniita jikoni. Moto ulikuwa mdogo. Aliniambia niketi karibu, akanishika mkono.

"Dorine, wewe ulikuwa unashika kibuyu. Macho yako ni mapya. Niambie ukweli, sitakasirika. Uliona nikimwaga?"

Mpaka leo naikumbuka nafasi ile. Hakukuwa na Baba Mdogo, hakukuwa na fundi, hakukuwa na mtu wa kunichapa. Alikuwepo mwanamke mzee akiniuliza kama bado ana akili zake. Nilitazama moto.

"Labda yalimwagika kidogo, Kogo," nikasema.

Aliinamisha kichwa polepole. "Kongoi," alisema, yaani asante. Alinishukuru. Akaniachia mkono, na tangu jioni ile hakuniita tena kushika kibuyu, kwa sababu hakukuwa na kibuyu cha kushika.

Alianza kujiogopa. Alimwomba Mama ammiminie chai, asije akaimwaga. Alikataa kumbeba mtoto wa dada yangu, asije akamwangusha. Kila alichokishika alikishika mara mbili, kisha akakiweka chini. Mikono yake ilikuwa mizima kabisa. Mimi ndiye niliyeifanya kuwa mizee, na mimi peke yangu nilijua.

Mvua za Oktoba zilikuja na mawe yaliyopiga chai yetu hadi ikabaki vijiti. Kogo alishikwa na kifua. Baba alimpeleka Longisa hospitalini kwa pikapu ya Bosire. Siku ya Jumatano niliambiwa ana nafuu kidogo na ameniulizia. Nililia shuleni, na mwalimu akadhani ni malaria.

Niliamua. Nilimwambia Mama kwamba Jumamosi nataka kwenda naye. Nilijifunza maneno yangu kama shairi la shule: Kogo, ulitia matone matatu, niliyahesabu, kikombe ni mimi. Niliyarudia njia nzima kutoka nyumbani hadi Longisa. Nilibeba chupa ya maziwa yaliyoganda niliyoyatayarisha mwenyewe katika kibuyu chake kidogo. Yalikuwa machungu kwa kuwa mkaa ulizidi, lakini nilijua angesema ni mazuri.

Nje ya wodi, Baba Mdogo Kiptanui alikuwa amekaa kwenye benchi. Alikuwa amefika kutoka Nakuru asubuhi hiyo. Alikuwa ameshika ile leso mpya, imekunjwa vizuri. Mama alipoiona leso aliketi chini palepale kwenye saruji.

"Ametuacha saa tatu," Baba Mdogo alisema. "Nilimkuta amelala. Nilikuwa nataka kumwomba msamaha."

Nilikuwa nimesimama na chupa yangu. Maneno yote yalikuwa tayari, yamepangwa vizuri, na hapakuwa na mtu wa kuyapokea. Waswahili husema majuto ni mjukuu, na mjukuu nilikuwa mimi.

Kogo alizikwa siku ya Ijumaa, kando ya chai yake. Watu walijaa hadi barabarani. Fundi Nyang'au alifunga karakana yake akaja. Pasta alisema mtoto mmoja azungumze kwa niaba ya wajukuu, na kwa kuwa nilikuwa naye zaidi ya wengine, nilichaguliwa mimi. Mwalimu Kipchoge alikuwa ameniandikia karatasi. Ilisema Kogo alikuwa nguzo na taa ya jamii.

Nilisimama mbele ya jeneza, nikafungua karatasi, nikaikunja tena.

"Kogo hakumwaga maziwa," nilisema.

Watu walitazamana, wasijue ninasema nini.

"Alitia matone matatu kwenye usukani. Niliyahesabu. Baba Mdogo akayapangusa. Wakati nyinyi mko ndani mnaomba, mimi niliingia kwenye gari nikacheza na swichi, na kibuyu kikamwagika. Kikombe ni mimi. Kogo aliniuliza kama alimwaga. Nilimwambia labda. Mikono yake ilikuwa mizima."

Sikuweza kuendelea. Nilisikia mtu akilia kwa sauti ya kiume, na sikuhitaji kugeuka. Baba Mdogo alipita katikati ya watu hadi kwenye jeneza, akapiga magoti kwenye matope na suti yake.

"Mama, nilikutukana kwa kosa ambalo si lako," alisema. "Mbele ya fundi. Mbele ya mtoto. Nisamehe."

Fundi Nyang'au naye alivua kofia. "Hata mimi nilisema kikombe na nikanyamaza," alisema. "Ningeuliza tu, nani mwingine aliingia hii gari."

Nilingoja nichapwe. Badala yake Baba Mdogo alinyoosha mkono akanivuta kando yake, tukakaa hivyo hadi jeneza liliposhushwa. Hakuniambia si kitu. Ilikuwa kitu, na sote wawili tulijua.

Baada ya mazishi Janefer alikuja mbele ya Mama na kumshika mikono.

"Mama Dorine, kumbe mikono ya mzee haikuwa na kasoro. Ng'ombe yangu bado inangoja. Wewe ni mke wa kijana wake. Toa kibuyu."

Jumapili iliyofuata Mama alikishusha kibuyu kizuri kuliko vyote, akakigeuza kiangalie juu. Alichovya nyasi, akanyunyiza, akasema maneno ya Kogo yote bila kuruka hata moja, na watu wakaitikia. Mimi nilishika kibuyu. Baba Mdogo alikuwepo. Honi ya gari lake ilikuwa imepona, lakini ile kruzi haikufanya kazi tena. Fundi alisema swichi mpya inaweza kuagizwa Nairobi. Baba Mdogo alimwambia aiache hivyohivyo, ataendesha kwa mguu wake kama watu wengine.

Wageni walipoondoka, Mama na mimi tulibaki jikoni kwa Kogo tukiosha kibuyu. Nilimwuliza swali nililokuwa nalo tangu mazishi.

"Mama, si nimesema ukweli sasa? Mbona bado inauma?"

Mama alikausha kibuyu, akakitundika mahali pake.

"Umerudisha jina lake, Dorine, na hilo ni jambo kubwa. Watu wazima wengi wangesoma ile karatasi ya mwalimu na kuketi. Lakini kuna ukweli wa watu wote na kuna ukweli wa mtu mmoja. Huu ulikuwa wa Kogo kwanza. Ulipaswa kumfikia yeye kabla haujatufikia sisi. Kumwaga maziwa ni ajali, hata mimi nimeyamwaga. Kumwacha mwingine abebe kosa lako, hiyo si ajali. Ukikosea tena, na utakosea, mwendee mtu siku hiyohiyo, wakati masikio yake bado yanasikia."

Nilimsikia Mama, kila neno. Kisha nilitoka nje, nikaenda hadi kwenye udongo mpya kando ya chai, nikachuchumaa, nikasema yale maneno yangu tena, polepole, kama nilivyoyajifunza. Ulitia matone matatu, Kogo. Niliyahesabu. Nilikaa pale mpaka Mama akaniita, nami nikarudi nyumbani.